Will, going to au ile ya -ing? Kingereza cha kupanga mambo kazini, ipi utumie wapi

Juzi dogo aliyekuja fildi pale ofisini kaniletea imeili nimwangalizie kabla hajaituma. Sisi ni mawakala wa forodha, tunatoa mizigo bandarini Dar, wateja wengi wako Lusaka na Kigali, kwa hiyo nusu ya kazi ni makaratasi na nusu nyingine ni kumwambia mtu aliye mbali kitu gani kitafanyika lini. Imeili yenyewe ilikuwa hivi:

"We will receive the vessel on Monday. We will lodge the documents on Tuesday. I will meet the shipping line on Tuesday at 4. When we will get the release we will inform you. We will finish until Friday."

Ukiisoma kwa masikio ya Kiswahili haina shida yoyote. Tutapokea, tutawasilisha, nitakutana, tutakapopata release (ruhusa ya kutoa mzigo) tutawajulisha, mpaka Ijumaa tutakuwa tumemaliza. Dogo kafikiri vizuri kabisa, tatizo kachukulia kwamba Kingereza nacho kina "ta" moja inayobeba mizigo yote kama mkokoteni wa Kariakoo. Hakina. Wenzetu wana njia kama tano sita na kila moja inamwambia msikilizaji kitu tofauti kuhusu umejipanga kiasi gani. Sasa ngoja nizilinganishe kama nilivyomlinganishia yeye, maana nimeshawahi kuchekwa kwa karibu zote.

Jibu moja, nguo nne

Mteja kauliza "When is my container coming out?" na jibu lako ni Alhamisi. Unaweza kusema:

"We'll take it out on Thursday."
"We're going to take it out on Thursday."
"We're taking it out on Thursday."
"The truck loads at eight on Thursday."

Zote ni Kingereza safi, hakuna mwalimu atakayekupiga chini. Ila ya kwanza mteja anasikia kama umeamua sasa hivi baada ya yeye kuuliza, au unampa ahadi. Ya pili anasikia kwamba mlishakuwa na nia hiyo kabla hajauliza. Ya tatu anasikia lori limeshapatikana, dereva anajua, watu wameshaongea. Ya nne ni ratiba, kama treni, haijali wewe unajisikiaje.

Na hapa ndo watu wengi hawajashtuka, Kiswahili tunayo tofauti hii hii na tunaitumia kila siku bila kufikiria. Rafiki yako akikwambia "kesho nasafiri" unamuuliza "unapanda basi gani?" Akikwambia "kesho ntasafiri" unamuuliza "umeshakata tiketi?" Si ndio? Ile "na" inakwambia mambo yameiva, ile "ta" bado ina mlango wazi. Basi "I'm travelling tomorrow" ndo "kesho nasafiri" yenyewe. Kwa hiyo ukiwa na kitu mmeshakubaliana na mtu mwingine, siku ipo, saa ipo, tumia -ing. Kipimo changu: jaribu kuongeza "tumeshaongea" mbele yake. Kama inakaa, ni -ing. "Tumeshaongea, nakutana na watu wa meli Jumanne" inakaa, kwa hiyo "I'm meeting the shipping line on Tuesday". Mimi kazini hii ndo naitumia kuliko zote na nadhani ndo ambayo Wabongo tunaitumia kidogo kuliko zote, tunaiogopa kwa sababu shuleni tuliambiwa -ing ni kitu kinachoendelea sasa hivi, afu basi, ikaishia hapo.

Tahadhari mbili lakini. Moja, usiitumie kwa kitu ambacho hakiko mikononi mwako. Ukiandika "Customs are releasing it tomorrow" umemwambia mteja kwamba forodha wameshakuthibitishia, na kama hawajathibitisha kesho jioni utakuwa unajieleza kwenye simu. Pili, ile "I'm coming" yetu. Unainuka kwenye kikao unataka kwenda msalani, unaaga "I'm coming", mzungu anakuangalia unavyotoka mlangoni anashindwa kuelewa, maana unasema unakuja wakati unaondoka. Sisi tunajua "nakuja" ni "narudi sasa hivi", yeye hajui. Mwambie "I'll be right back".

Will ina kazi yake, usiitupe

Baada ya hapo dogo akataka kufuta "will" zote. Hapana. Kuna sehemu "will" haina mpinzani, hasa pale uamuzi unapozaliwa mdomoni. Kikaoni meneja anauliza nani ataandika muhtasari, unasema "I'll do it". Ukisema "I'm going to do it" inakuwa kama ulishaamua tangu nyumbani, ukisema "I'm doing it" inakuwa kama unamfokea, yaani "nafanya bwana, niacheni". Mtu kabeba maboksi, "I'll help you". Simu inalia, "I'll get it". Hizo zote ni "will", na kwenye kuongea ni "I'll", fupi. "I will" nzima kwa mdomo ina uzito wa mtu anayeapa au anayebishana, "I WILL send it", kama vile mwenzako amesema hutatuma. Kwenye barua rasmi haina neno.

Kuna kitu kinanifurahishaga hapa. "Will" zamani kwenye Kingereza cha kale ilikuwa na maana ya kutaka. Na "ta" yetu wanaisimu wanasema imetokana na "taka", na ushahidi upo wazi ukiangalia "atakayekuja" na "nitakapofika", pale "taka" imebaki nzima haijakatwa mkia. Yaani watu wawili wasiojuana wamechonga wakati ujao kutoka kwenye mti ule ule. Ndo maana "won't" ina maana ya kugoma, "The system won't open" sio kwamba haitafunguka siku fulani, ni kwamba inagoma kufunguka sasa hivi, haitaki.

Ubaya wa "will" ni ikikaa peke yake bila siku. "We will send the documents." Sawa, lini? Sote tumewahi kufanyiwa usaili tukaambiwa "tutakupigia", na tunajua simu ile iliishia wapi. Mteja akisoma "we will" tatu mfululizo bila tarehe anasikia "tutakupigia".

Going to

Hii ni nia uliyonayo tayari lakini bado hujafunga miadi na mtu. Linganisha "I'm going to talk to the shipping line" na "I'm talking to the shipping line at ten". Ya kwanza nimeazimia, sijapiga simu bado. Ya pili wananisubiri. Kwa kazi ya kila siku tofauti hii ni ndogo kwenye ulimi ila kubwa kwa mtu anayelipia demareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, kila siku linapolala.

Matumizi yake mengine ni pale unapoona dalili. Uko Ubungo, foleni haisogei, saa inakwenda, unatuma meseji "I'm going to be late". Umeshaona kwa macho. "I'll be late" nayo inapita, watu hawatakuuliza.

Afu angalia usihamishe ile "tunakwenda" ya kwenye redio. Siku hizi kila anayeshika maiki, "tunakwenda kushuhudia", "anakwenda kupiga mpira wa adhabu", "serikali inakwenda kujenga". Kiswahili hicho wengine kinawakera na mimi nimo, ila kama umeshakizoea angalau "going to" haitakusumbua, ni mtindo ule ule. Kwenye imeili usiandike "gonna", hata kama mteja mmezoeana.

Ile ya ratiba sina mengi, "The train leaves at six", "The vessel arrives on Monday", "My contract ends in June". Kitu kilichopangwa na ofisi nyingine au na kalenda, unakitaja kama kilivyo. Usitumie kwa mipango yako binafsi, "I go to Dodoma tomorrow" inasikika kama mtu anayejifunza.

Kuuliza bila kumkaba mtu

Hapa kuna kitu cha adabu ambacho ukikikosa unaonekana mkali bila kukusudia. Unataka kujua kama bosi atakuja ofisini kesho ili umwekee karatasi za kusaini. Chaguo tatu:

"Will you come in tomorrow?" Hii inakaribia kumuomba aje, au kumtega. "Are you coming in tomorrow?" Hii ni ya kawaida, kwa mwenzako wa meza ya pembeni inatosha. "Will you be coming in tomorrow?" Hii ndo ya bosi. Inauliza tu ratiba yake ilivyo, haimwombi kitu, kama vile tunavyosema "kesho utakuwepo, bosi?" badala ya "kesho utakuja?" Ukisikia tofauti ya hizo mbili za Kiswahili basi umeshaielewa. Mimi kwa wateja wapya naanza na hii kila mara, "When will you be sending the payment?" haiumi sana kama "When will you send the payment?" na hela inakuja vile vile.

Nikifika, sio nitakapofika

Kosa la dogo lililoniuma zaidi ni "When we will get the release". Hili tunalifanya karibu wote, mpaka watu wenye digrii, na sababu yake ni ya haki kabisa, Kiswahili kinaruhusu "ta" mbili kwenye sentensi moja, "nitakapofika nitakupigia". Kingereza kinakubali "will" upande mmoja tu. "When I arrive, I'll call you." Vivyo hivyo baada ya "if", "before", "after", "until", "as soon as".

Dawa ni rahisi, usitafsiri kutoka "nitakapofika", tafsiri kutoka "nikifika". "Nikifika ntakupigia", unaona? "Ta" imebaki moja na iko pale pale Kingereza kinapoitaka. "Tukipata release tutakujulisha", "When we get the release, we'll let you know". Hata "kabla hujaondoka" haina "ta", kwa hiyo "before you leave", sio "before you will leave".

Ila ukitoka hapo na kanuni ya "when haikai na will" utakosea upande wa pili. "I don't know when they'll release it" iko sawa, kwa sababu hapo "when" ni "lini", sijui wataliachia lini. Kwa hiyo jiulize tu, kwa Kiswahili ningesema "lini" au ningetumia "ki"? Lini, weka "will". Ki, acha.

By na until, na mpaka yetu inayoponza

"Mpaka" yetu inafanya kazi mbili. "Ofisi iko wazi mpaka saa kumi" na "mpaka Ijumaa tutakuwa tumemaliza". Kingereza kimezigawa. Ya kwanza ni "until", jambo linaendelea bila kukatika hadi saa hiyo. Ya pili ni "by", jambo litatokea mara moja tu na kuisha, wakati wowote, isizidi hapo. "We will finish until Friday" mteja haelewi, mnamaliza maliza kila siku hadi Ijumaa? Jaribu kubadilisha "mpaka" na "kufikia". "Kufikia Ijumaa tutakuwa tumemaliza", inakaa, basi ni "by". "Ofisi iko wazi kufikia saa kumi", haikai, basi ni "until". Sijawahi kuona ikikosea.

Na "tutakuwa tumemaliza" inakwenda neno kwa neno, "we'll have finished by Friday". Watu wanaiogopa hii tense wanaiona ya kisomi, kumbe tunaiongea sokoni. Kumbuka pia "by Friday" Ijumaa yenyewe imo, "before Friday" haimo, unatakiwa uwe umemaliza Alhamisi. Kwa mwenye mzigo siku hiyo moja ni hela.

Sogeza mbele

Hii sasa ndo iliyoniaibisha mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza. Ukaguzi wa mzigo ulikuwa Alhamisi. Mteja, mtu mzima, anakuja mwenyewe kutoka Zambia, akaandika "Can we bring the inspection forward by two days?" Nikasoma forward, mbele, nikasema ahaa anataka tusogeze mbele, nikahamishia Jumamosi, nikapiga simu bandari kavu, nikampanga mkaguzi, nikajibu "Done" kwa madaha kabisa. Jumanne asubuhi simu inalia, yuko getini, jua kali, anauliza tuko wapi.

Kwa Kiswahili kikao kikisogezwa mbele kimeahirishwa, kila mtu anajua. Kwa Kingereza "bring forward" ni kukiwahisha, na kuahirisha ni "push back", ambayo sisi tukiisikia tunaona kurudisha nyuma. Yaani ni kinyume kabisa, mbele yao nyuma yetu. Na haitoshi kukariri, maana huyo unayemwandikia huko Kigali naye anaweza kuwa anafikiria Kiswahili kama wewe. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika moja kati ya hizo mbili bila kuweka siku ya zamani na siku mpya, "moved from Thursday to Tuesday", afu namalizia na tarehe. Na "next Friday" ni hivyo hivyo, hata wenye lugha yao wanabishana kama ni Ijumaa hii au ile ya wiki ijayo, andika tarehe uende zako.

Saa nayo, mnajua. "Tuesday at 4" ya dogo ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimuuliza, akaangalia ukutani, akacheka. Ongeza au toa sita, weka am au pm, kila mara, hata kama unaona mwenzako lazima ataelewa.

Mbili za mwisho haraka haraka. "Should" hatukuzoea kuiona kwenye mipango kwa sababu tunaijua kama "inapaswa". "The container should be out by Friday" haimwamrishi kontena, inasema mambo yakienda sawa Ijumaa litakuwa limetoka. Kwa vitu vinavyotegemea forodha, meli, mfumo na umeme, hii ndo rafiki yako, nafasi yake ni ile ambayo kwa Kiswahili tungesema "Mungu akipenda". Na "would" usiiweke badala ya "will" ukidhani ndo heshima. "I would be there at ten" msikilizaji anabaki anasubiri "lakini", ningekuja saa nne, lakini nini?

Tukaiandika upya imeili:

"The vessel is due on Monday. We're lodging the documents on Tuesday, and I'm meeting the shipping line the same day at 10 am. We'll let you know as soon as we get the release. The container should be out by Friday."

Dogo akaisoma mara mbili, akaniuliza mbona "will" imebaki moja tu. Nikamwambia kwa sababu hiyo ndo ahadi pekee humo ndani, kumjulisha mteja hakutegemei forodha wala meli, kunakutegemea wewe na simu yako. Akaituma. Akachukua kofia yake, akaniambia "I'm coming, kaka", akatoka kwenda kula.